Mipigo Ishirini na Sita

Hakuwa na mke; aliyekuwa naye alizikwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Hakuwa na mtoto wa kumsumbua wala mjukuu wa kumvunjia miwani. Hakuwa na pazia sebuleni, kwa kuwa pazia huhangaikiwa na mtu anayetembelewa. Hakuwa na redio inayokamata zaidi ya kituo kimoja. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu ila dada yake mkubwa, na huyo hakuhitaji kupigiwa, alipiga mwenyewe. Hakuwa na subira na kitu chochote kilichopinda. Siku ile hakuwa hata na ngazi. Yake ilivunjika kidato, akaazima ya fundi bomba.

Alichokuwa nacho ni mkono. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa mwandika mabango: maduka, vinyozi, shule, zahanati, milango ya malori. Alipiga mstari wa mita tatu bila kupumua, na ukiuwekea rula, rula ndiyo iliyoonekana imepinda. Ndiyo maana watu walimwita Rula, na wengi hawakujua kama ana jina jingine.

"Wewe ndiye Rula?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani, alipofika juu ya ngazi za jengo na makopo yake mawili ya rangi.

"Ndiye mimi, mama."

"Mama wa nani? Mimi na wewe tungeweza kukaa dawati moja. Niite Mwalimu. Nataka mlangoni paandikwe: DARASA LA KUCHORA, JUMAMOSI SAA NANE."

"Paandikwe tu, au paandikwe vizuri?"

"Kuna tofauti?"

"Kwangu mimi ipo."

Mwanamke akacheka. Alikuwa mwembamba, mvi zimejaa upande mmoja wa kichwa kana kwamba zimegombana na upande wa pili, na mikono yake ilikuwa na rangi hadi viwikoni. Alifundisha shule mpaka akastaafu, akafiwa na mume, kisha akakodi chumba kile juu ya duka la vifaa vya ujenzi ili afundishe watu wazima kile alichokipenda maisha yake yote: kuchora kwa rangi za mafuta.

Rula alikuwa akivuta uzi wa kupimia mlangoni alipoiona picha imeegemezwa ukutani. Akainama. Madoa matupu. Kijivu hapa, cheupe pale, kitu cha waridi kimeburutwa kama aliyefanya hivyo aliitwa ghafla.

"Samahani, Mwalimu. Hii imemwagikiwa?"

"Imemwagikiwa nini?"

"Rangi."

"Hapana. Hiyo imekwisha."

"Imekwisha?"

"Rudi nyuma."

"Wapi?"

"Nyuma tu. Hatua sita. Angalia usiiangushe ngazi ya watu."

Akarudi, hatua moja, ya pili. Kwenye ya tano akasimama. Mbele yake palikuwa na beseni, taulo ubavuni mwake, na ndani ya beseni maji, maji kabisa, yanayotikisika kama aliyenawa ndiyo kwanza ameondoka. Akaenda mbele: madoa. Akarudi nyuma: maji. Akafanya hivyo mara nne, kama mtu aliyepoteza sarafu.

"Maji umeyaweka wapi?" aliuliza.

"Sijaweka maji."

"Lakini yapo!"

"Yapo."

"Hapa ninaona waridi. Tangu lini maji yakawa na waridi?"

"Asubuhi ile yalikuwa nayo. Taulo lilikuwa jekundu."

Rula akaandika mlango, akaondoka. Lakini lile swali likamfuata mtaani kama mbwa asiye na mwenyewe. Maji yalitoka wapi? Alipiga bango la duka la viatu akiwaza beseni. Jumamosi saa saba na nusu alikuwa ameketi darasani, wa kwanza kufika, shati limepigwa pasi, rula mfukoni.

"Hiyo weka mezani kwangu," Mwalimu akasema.

"Rula?"

"Rula. Utaichukua ukiondoka."

Alijisikia kama aliyevuliwa viatu mbele za watu. Wenzake walikuwa watatu: muuguzi, dereva mstaafu na mke wa dereva, ambaye alikuja kumchunga dereva. Kila mmoja akapewa brashi pana kama kiganja, rangi za tyubu kwenye kibao, na turubai moja ya kuchorea. Mbele yao kulikuwa na birika jeupe dirishani.

"Mipigo thelathini," Mwalimu akasema. "Brashi ikigusa turubai, huo ni mpigo mmoja. Ukifika thelathini, unaweka chini. Finya macho mpaka usione birika, uone mwanga na giza tu." Akamgeukia Rula. "Fundi, kivuli cha birika kina rangi gani?"

"Cheusi."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Tazama."

Akafinya macho. Akatazama mpaka machozi yakamlenga.

"Mwalimu... kama zambarau."

"Na pembeni?"

"Pembeni kuna kijani. Kimetoka wapi?"

"Kuna mti nje ya dirisha. Endelea kuuliza hivyo hivyo."

Siku hiyo alipiga mipigo mia mbili na kitu. Kila mpigo aliurudia, akaunyoosha, akauwekea ukingo. Birika lake lilitoka safi kama tangazo la duka la vyombo.

"Zuri," Mwalimu akasema. "Limekufa, lakini maiti yake nzuri."

Dereva alicheka mpaka mkewe akampiga kofi la mgongoni. Ajabu, Rula hakukasirika. Alikwenda nyumbani akitazama vivuli vya watu barabarani, karibu agongwe na baiskeli.

Simu ikalia.

"Nasikia unakwenda shule," dada yake alisema bila salamu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unajifunza nini uzee huu?"

"Kuchora."

"Si umechora miaka yote?"

"Nimeandika, dada. Kuchora sijui."

"Huyo anayefundisha ni mwanamke?"

"Ni mwalimu."

"Sijakuuliza kazi yake."

Wiki zikaenda. Wenzake wakiondoka, Rula hubaki kuosha brashi, kwanza kwa tapentaini, kisha kwa sabuni, na hakuna brashi duniani zilizowahi kuoshwa polepole vile. Mwalimu naye hubaki kuzikagua. Halafu ujumbe wa simu ukaanza kuingia kila asubuhi, akiwa juu ya ngazi kazini.

"Fundi, leo kivuli cha nguzo ya taa kina rangi gani?"

"Bluu iliyochoka."

"Umefaulu. Na ukuta wa pili?"

"Ukuta wa pili una homa."

"Nimecheka peke yangu, majirani wamenisikia. Utalipa."

Jumamosi moja mvua ilinyesha, wenzake hawakufika. Mwalimu akamketisha dirishani.

"Leo nakuchora wewe. Nisimulie kitu, usikae kama mtu wa picha ya kitambulisho."

"Nikusimulie nini?"

"Kosa lako kubwa kuliko yote kazini."

Rula akakohoa. Hakuwa amemwambia mtu.

"Nilipewa lori niandike mlangoni. Nikaandika vizuri sana. Nikaona mlango una ufa pembeni unaniharibia kazi, nikaujaza rangi. Mpaka kwenye kitasa. Rangi ya kopo, Mwalimu, ikikauka ni chuma. Kesho yake mwenye lori akaja... mlango haufunguki. Wiki nzima akawa anaingilia dirishani. Mtu mwenyewe mnene! Watu wakawa wanakusanyika asubuhi kumtazama. Akaniambia, fundi, maandishi ni mazuri, lakini..."

Hakuweza kumaliza. Kicheko kilimpanda toka tumboni, akajishika mbavu.

"Basi," Mwalimu akasema, akaweka brashi chini. "Imekwisha."

"Sasa hivi? Hata sijatulia!"

"Ndiyo maana."

Akaisogelea. Madoa: kahawia, njano, chungwa moja nene katikati. Akataka kurudi nyuma aone, lakini meza zilikuwa zimesogezwa kukwepa paa linalovuja, hapakuwa na nafasi.

"Ipeleke kwako ikauke," Mwalimu akasema, akiifunika. "Hapa vumbi la saruji linapanda kutoka dukani. Miezi miwili. Usiiguse, hata kwa kitambaa. Ukumbi wa maktaba wanafanya maonyesho, kila mchoraji picha moja. Nitawaandikia yangu ni hii."

"Una picha nzuri kuliko hii, Mwalimu."

"Sina," alisema, na hakumtazama.

Rula akaitundika sebuleni. Sasa, sebule yake ilikuwa na hatua nne tu, ukuta hadi ukuta. Kila siku aliitazama kwa hatua nne, kila siku akaona madoa. Dada yake akaja kumtembelea.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Pua iko wapi?"

"Ipo... kwa mbali."

"Pua yako haijawahi kuwa mbali, mdogo wangu. Ndiyo inayotangulia kuingia mlangoni."

Hilo alilimeza. Asichoweza kumeza alikisikia dukani, siku alipokwenda kununua sandapepa. Wauzaji wawili walikuwa wakizungumza bila kumwona.

"Mwalimu wa juu atapeleka picha maktaba."

"Yule anayechora kama aliyepiga chafya na brashi mkononi? Tutakwenda kucheka."

Damu ikamwenda kichwani. Wamcheke Mwalimu? Mbele ya watu? Kwa sababu ya picha yake yeye, isiyo na pua? Akafika nyumbani, akatoa makopo yake na brashi zile nyembamba, akavaa miwani. Asubuhi nzima ya Ijumaa alifanya kazi bila kula. Hakuwahi kuandika bango kwa mapenzi yale. Alipomaliza, macho yakamjaa machozi kwa uzuri wa kazi. Kisha akaenda kununua pazia, maana kesho yake Mwalimu angekuja kuichukua picha, na ilikuwa mara ya kwanza aje kwake.

Mwalimu alikuja na shuka kuukuu la kufungia.

"Pazia zuri," alisema.

"La zamani hilo," Rula alidanganya. "Sasa simama hapo. Usigeuke. Haya, geuka!"

Akageuka.

Ukutani palikuwa na mwanamume mwenye macho mawili sawasawa, kope zimehesabika. Pua imenyooka. Shati lina vifungo sita. Mvi moja moja zimechorwa kama uzi. Na mdomo, mstari mmoja mweusi, umefungwa.

Mwalimu akaisogelea picha, shuka mkononi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi! Nimekumalizia."

"Umenimalizia."

"Haikuwa na pua, Mwalimu. Watu wangekucheka."

"Umetumia rangi gani?"

"Ya kopo. Hiyo hata mvua ya miaka kumi haiitoi!" Alisema kwa fahari, kabla hajamtazama usoni.

"Ingekuwa ya tyubu," Mwalimu alisema polepole, "ningeifuta leo na kitambaa. Yangu chini imekwisha kukauka. Lakini hii..." Akagusa mdomo wa picha kwa ncha ya kidole. "Hapa nilikuwa nimeweka nini, unajua?"

"Doa la chungwa."

"Doa."

"Mwalimu, nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Mimi nilikuonyesha ninavyokuona, Fundi. Wewe ukanijibu kuwa nimekosea."

Akalikunja shuka lake tupu, kona kwa kona, akaondoka. Rula alibaki amesimama kama kuku aliyenyeshewa.

Jioni ujumbe ukaingia: "Darasa limefungwa. Mdogo wangu ananiita nikaishi kwake, mji mwingine, nilikuwa namzungusha. Anataka jibu la maandishi kabla mwezi haujaisha, kwa sababu kwenye simu huwa nasema ndiyo halafu siendi. Nadhani nitakwenda."

Akaandika, akafuta. Akaandika tena: "Nisamehe." Hakujibiwa. Asubuhi akatuma: "Kivuli cha mlango wangu leo ni cha kijivu, ila chini yake kuna njano, sijui imetoka wapi." Hakujibiwa.

Ndipo akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya miezi miwili nyuma. Akaitoa picha uani, akaitundika kwenye kamba ya nguo, akahesabu hatua sita, akageuka.

Lilikuwa bango la kinyozi.

Akakaa juu ya ndoo. Picha aliyochorwa na mtu aliyempenda ilikaa nyumbani kwake siku sitini, na hata siku moja hakuwahi kuiona. Alichokumbuka ni madoa. Yalikuwa yanasema nini? Lile chungwa lilikuwa nini? Swali la maji lilikuwa mchezo. Hili halikuwa mchezo.

Akapiga simu. Yeye ndiye aliyepiga.

"Kuna msiba?" dada yake akashtuka.

"Hakuna. Dada, mimi nikicheka nakuwaje?"

"Umekunywa nini?"

"Nakuuliza kweli. Uso wangu unakuwaje?"

Dada yake alipojibu, sauti ilikuwa imeshuka.

"Nilikuwa nakujua ulivyokuwa unacheka. Macho yalikuwa yanapotea kabisa. Lakini tangu wifi yangu aondoke, sijakuona. Miaka kumi na mmoja, mdogo wangu. Kwa nini unauliza?"

"Kuna mtu aliniona."

"Nani?"

"Aliniona, akaichora. Mimi nikaifunika kwa rangi ya kopo."

"Mungu wangu," dada yake akasema. "Ile iliyokuwa haina pua?"

"Ile ile."

"Na mimi ndiye niliyekutia maneno. Basi nisikilize. Msamaha wa mdomo kila mtu anao. Huyo mwanamke ni mwalimu. Mpelekee ulichojifunza."

"Sijajifunza."

"Basi jifunze, na usinipotezee muda wa maongezi."

Kuanzia kesho yake, kabla ya kwenda kazini, Rula aliweka ndoo uani, akasimama mbele yake na turubai na rangi za tyubu. Mipigo thelathini. Siku ya kwanza alifika sabini, akaikwangua yote kwa kisu. Siku ya tatu alifika arobaini na moja, na ile kumi na mmoja ya ziada ndiyo iliyoiua ndoo. Akaanza kuona jambo: mkono ulikuwa haukosei. Uliokosea ni woga. Kila alipoweka mpigo mzuri, alirudi kuuhakikisha, na kwa kuuhakikisha akauzima. Siku ya nane aliufunga mkono wa kushoto kiunoni kwa mshipi, usiushikilie mkono wa kulia kama alivyozoea kwenye mabango. Jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Fundi, umeumia?"

"Najifunza kulegea."

"Kwa kujifunga?"

"We acha tu."

Siku ya kumi na mbili mwanga ulipiga ukingo wa ndoo, naye akaweka mpigo mmoja, mzito, wa rangi ya malai, akauona unang'aa. Mkono ukainuka kurudi. Akauzuia hewani. Mpigo akauacha ulivyo.

Zilibaki siku tatu mwezi uishe. Akavaa shati, akapanda zile ngazi mchana, mikono mitupu.

Chumba kilikuwa karibu tupu. Turubai zimefungwa kamba, masanduku yamepangwa ukutani. Mwalimu alikuwa mezani, karatasi mbele yake, kalamu mkononi.

"Fundi. Umekuja kufuta mlango?"

"Sikuja kufuta. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Lile chungwa lilikuwa nini?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Unataka kujua kweli?"

"Sijafanya kazi vizuri wiki mbili kwa sababu yake. Nimeandika ZAHANATI nikaiona imepinda, nikaiacha imepinda."

"Wewe?"

"Mimi. Na hakuna mgonjwa aliyelalamika."

Midomo ya Mwalimu ilitaka kucheka, akaikataza.

"Siwezi kukwambia," alisema. "Lingekuwa la kusemwa, ningesema, nisingechora." Akainuka, akafungua sanduku moja, akatoa kibao, tyubu na brashi pana. Akaweka turubai tupu juu ya kiti. "Sasa nichore mimi. Mipigo thelathini. Nahesabu mwenyewe, na sikuongezei hata mmoja."

Akaketi dirishani, mikono kifuani, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu.

Rula akafinya macho. Mwalimu akapotea, vikabaki mwanga na giza. Akauliza, kama alivyofundishwa: hapa pana rangi gani? Chini ya kidevu, kijani. Kwenye mvi, bluu, na ukingoni mwake joto. Akachovya.

"Moja," Mwalimu akasema. "Mbili. Tatu."

Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma mita. Rula hakujibu. Tisa. Kumi. Bega. Kumi na nne, kivuli cha shavu. Jasho likamtiririka, hakulifuta. Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Ishirini," Mwalimu akasema.

Akaendelea. Ishirini na tatu. Ishirini na tano, mwanga juu ya kipaji cha uso. Akachovya mara ya mwisho, akaweka mpigo mmoja pembeni mwa mdomo, mfupi, wa juu kwenda chini.

"Ishirini na sita."

Brashi ikabaki hewani. Mwalimu akasubiri.

"Bado nne," alisema.

"Najua."

"Jicho la kushoto hujaliweka."

"Nimeliona hilo."

"Basi maliza."

Rula akaiweka brashi mezani.

"Nikimalizia nitakuharibu," alisema. "Njoo utazame. Nafasi leo ipo."

Mwalimu akatembea, akahesabu hatua sita kimoyomoyo, akageuka. Kwa muda ilisikika misumari tu ikimiminwa kwenye mizani dukani chini.

"Huyu mwanamke amekasirika," akasema hatimaye.

"Alikasirika mpaka mpigo wa kumi na tisa."

"Halafu?"

"Halafu ulihesabu ishirini kwa sauti nyingine. Ikabidi nibadilishe mdomo."

Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa, akarudi nyuma, akaenda tena. Rula alimtazama akienda na kurudi, akajua anatafuta nini.

"Jicho la kushoto," Mwalimu akanong'ona. "Linanitazama. Umeliweka wapi?"

"Sijaliweka."

Akamgeukia. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyaficha.

"Osha brashi," akasema. "Usiioshe polepole leo, nina haraka."

Rula akaenda kwenye sinki. Nyuma yake alisikia karatasi ikichanwa, kiti kikivutwa, kalamu ikikimbia. Mara moja ikasimama, akasikia kicheko kidogo cha puani, kisha kalamu ikaendelea. Alitamani kugeuka. Shingo ilimwasha kwa kutamani.

"Fundi! Njoo uniandikie anwani ya mdogo wangu. Mwandiko wangu mtu wa posta hausomi."

Mezani palikuwa na bahasha, na juu yake barua iliyo wazi.

"Isome kwanza," Mwalimu akasema, amempa mgongo, anafungua kamba za sanduku. "Ukikuta humo uongo, ichane. Ukikuta ni kweli, funga."

Akavaa miwani. Barua ilisema:

"Mdogo wangu mpenzi. Siji. Usinipigie simu kunibadilisha, maana nitasema ndiyo na bado sitakuja. Darasa nalifungua Jumamosi hii. Kuna fundi hapa, mkaidi, aliyeniharibia picha niliyoipenda kuliko zangu zote. Sijamsamehe yote, nimemsamehe kiasi cha kuanzia. Nitaolewa naye. Mwenyewe bado hajaniuliza, lakini ni mtu wa maswali, sidhani hilo litamshinda. Chumba ulichoniandalia weka cherehani yako. Dada yako."

Akaisoma mara ya pili. Masikio yalimwaka moto. Alipofika tena pale palipoandikwa "bado hajaniuliza", akafungua mdomo.

Akaufumba. Akaikunja barua mara tatu, akaitia bahashani, akalamba gundi, akaipiga ngumi kidogo ishike. Kisha akaandika anwani kwa kalamu, bila rula, taratibu.

"Umeifunga?" Mwalimu akauliza, bado amempa mgongo.

"Nimeifunga."

"Hukukuta uongo?"

"Nilikuwa karibu kuutia mwenyewe. Ningekuuliza kabla ya kuifunga, pale uliposema sijauliza pangekuwa uongo."

Mwalimu akageuka polepole.

"Sasa imefungwa," akasema.

"Sasa imefungwa. Mwalimu, mimi..."

"Posta wanafunga saa kumi. Utauliza njiani."

Wakashuka ngazi, Rula ameshika bahasha kwa vidole viwili kama picha isiyokauka. Wakawapita wauzaji wa duka, wakavuka barabara. Mbele ya sanduku la posta Rula akasimama, akaivuta pumzi ambayo angepigia mstari wa mita tatu.

"Utakubali kuolewa na mimi?"

Mwalimu akaichukua bahasha mkononi mwake, akaisukuma kwenye tundu la sanduku, na wote wawili wakaisikia ikidondoka ndani.